Chumvi ya Uvinza

Sayi alitoka na shoka asubuhi, masikio yake marefu yaliyochongoka yakiwa wazi, maana porini nyuma ya Isikizya hakuna wa kumficha. Huyafunga kwa kanga siku za kupeleka asali mjini Ng'ambo tu, kwa watu wa maisha mafupi, wanaomwona bibi kizee wa kawaida na kumpunja bei bila haya. Hawajui kwamba aliwaona babu za babu zao wakipita huku na pembe za ndovu mabegani.

Wala hawajui kwamba misafara ile iliwagombanisha watu wa masikio marefu wenyewe kwa wenyewe. Wamiyombo walisema njia ni yao na hongo wanayotozwa wapitao ni yao. Wambuga wakasema vivyo hivyo. Wakachinjana kwa ajili ya shanga na nyaya za shaba, na mpaka leo kila upande unaapa kwamba ni wale wengine walioanza. Sayi, Mmiyombo wa damu, alimwita kila Mmbuga nyoka, na hakuona aibu.

Kwa desturi yao, aliyekufa vitani huzikwa pale alipoanguka, na mbegu ya mninga mdomoni. Kaka yake Sayi, Fikiri, aliuana na Mmbuga kando ya njia ya zamani, na mininga miwili ikaota hapo, mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Nani yuko chini ya upi, Sayi hakuhitaji kuambiwa. Mmiyombo anaotaje amepinda? Ule ulionyooka akaumwagilia, akauimbia, akausimulia habari za nyumbani. Ule uliopinda akaumwagia chumvi ya Uvinza kila kiangazi, na kuutemea mate. Desturi inasema ukishaomboleza karne moja na nusu, una haki ya kuukata mti wa adui na kuchonga kigoda cha kukalia. Siku yenyewe ilikuwa leo.

Alimkuta Masolwa amesimama mbele ya mti uliopinda, pikipiki yake imeegeshwa kichakani. Alikuwa Mmbuga wa mwisho aliyebaki kati ya waliopigana hapo. Wakati ule alikuwa kijana tu.

"Shikamoo, dada."

Sayi hakuitikia. Alimwambia asogee, la sivyo ataanza naye. Masolwa hakusogea. Alisema yeye ndiye aliyewazika wote wawili siku ile, na huo uliopinda ni Fikiri.

Sayi akacheka kwa dharau. Mbinu za Kimbuga hizo, za kumwokoa ndugu yao na kumfanya yeye amkate wake. Akainua shoka.

"Mdomoni mwake mlikuwa na sega la asali," Masolwa alisema. "Mbegu ilinasa kwenye nta, ikalala ubavu. Nilikuwa na haraka, nikamfukia hivyo hivyo."

Shoka likashuka taratibu. Sega lile Sayi alimpa kaka yake mlangoni alfajiri ile, kwa siri, maana kwao asali ni mwiko siku ya vita. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yao.

"Miaka yote hii umenyamaza."

"Ulikuwa unammwagilia wangu. Ningekukataza kwa nini?"

"Na chumvi?"

"Niliiona. Nilifurahi." Masolwa alitazama chini. "Hata leo nilikuja kukuangalia ukimkata. Nimeshindwa."

Sayi alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Alimpita, akaenda kwenye mti ulionyooka. Haki ilikuwa yake bado, na Masolwa hakumzuia. Akainua shoka tena. Mti huu ndio aliouambia kwanza mama yao alipokufa. Aliuambia habari za watoto waliozaliwa, mizinga iliyoibwa, mambo ambayo Fikiri mwenyewe hakuyasikia hata moja. Akalitupa shoka majanini, akamwambia Masolwa atoke mbele ya macho yake, asirudi tena. Pikipiki ikaondoka.

Kesho yake alikuja na madumu mawili ya maji ya kuiosha ile chumvi. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kumwomba kaka yake msamaha. Alipofika, mazoea yakamtangulia. Alipozinduka, dumu la kwanza alikuwa amekwisha kulimimina lote kwenye mti ulionyooka, na alikuwa akiuimbia.