Mipango Inaweza Kubadilika

Toleo jipya la Zizi likiingia kwenye simu, wenzangu hufungua kwanza kurasa za ng'ombe wao. Mimi huanzia ukurasa wa mwisho, ule wa Yanayokuja, kwa sababu maneno yake anayaandika mwanangu.

Zizi ni programu ya simu ya wafugaji. Bado ni ya majaribio. Kampuni imetupa sisi wachache wa kituo cha maziwa, hapa mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, tuitumie ikiwa nusu, tuseme inapokwama, ndipo wawape wengine. Lilian, mtoto wangu wa pekee, yuko kwenye kampuni hiyo huko Ujerumani. Wenzake wanatengeneza. Yeye anatueleza kwa Kiswahili nini kiko tayari na nini kitafuata.

Toleo la Oktoba lilisema hivi: "Tunafanyia kazi kikumbusho cha siku ya kupandisha ng'ombe. Tunatarajia kukileta katika toleo lijalo au linalofuata. Mipango inaweza kubadilika."

Nilisoma mara mbili, nikasikia sauti yake kabisa. Ndivyo alivyokuwa akinijibu na kwenye simu.

"Krismasi unakuja au huji?" nilimuuliza.

"Naangalia, Mama. Natarajia."

"Lilian, nimekuuliza swali la ndiyo na hapana."

"Nisikuahidi kitu halafu kisiwe. Hata kazini ni marufuku. Mwaka jana tuliwatangazia watu huduma ya kumwita daktari wa mifugo, tukataja na mwezi. Wengine wakaacha kutafuta daktari, wakaisubiri. Haikutoka. Tangu hapo hakuna kutaja tarehe mpaka kitu kiwe mkononi."

"Mimi si mteja wako."

"Najua, Mama."

"Basi nitajie tarehe."

Akaniuliza ng'ombe wanaendeleaje. Nikamwambia wanaendelea vizuri.

Haikuwa hamu tu ya kumwona. Baba yake, Nelson, tulimzika mwaka jana, na fundi alikuwa amemaliza kujenga kaburi. Ulibaki msalaba. Katika ukoo wa mume wangu msalaba hufunikwa kitambaa, mchungaji huomba, halafu mtoto wa marehemu hukitoa kitambaa mbele ya watu. Si ndugu, si mjane. Mtoto. Na ibada ya namna hiyo hufanyika Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani.

Sifael, mdogo wake Nelson, alikuja kunidai jibu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Shemeji, mchungaji anataka tarehe. Mtoto anakuja?"

"Anatarajia."

"Anatarajia ni tarehe ngapi?"

Mimi ninayewasema watu wote kwa kutonyooka, nikamkaribisha chai.

"Chai sikatai," alisema. "Lakini mbuzi hachinjwi kwa kutarajia. Na wale ndugu wa Nduruma wapate taarifa mapema, wasije wakasema tuliwaficha."

Alipoondoka niliingia chumba cha Lilian. Kitanda nilikuwa nimekitandika tangu nilipouliza mara ya kwanza, shuka zile za maua. Nimesoma stashahada ya mifugo. Ng'ombe aliyepandishwa hasubiriwi bure, kuna kipimo, kuna siku, unajua kama ana mimba au hana. Lakini kwa mtoto wangu mwenyewe nilikuwa natandika kitanda na kukunjua pazia kama mtu asiyejua kuhesabu.

Nikakaa pale kitandani, nikafungua Zizi. Chini ya Yanayokuja kuna kisanduku kimeandikwa: Unataka tukuletee nini? Mara mbili nilishaandika pale mambo ya dawa ya kupe, na Lilian ndiye aliyenijibu kila mara. Nikajua basi kisanduku ni chake. Kwenye simu ananikwepa. Hapa kazi yake inamlazimu kujibu. Nikaandika: "Lilian aje nyumbani Desemba, baba yake awekewe msalaba. Ndiyo au hapana." Nikatuma, nikaenda kukata majani.

Asubuhi nilipofika kituoni na kopo langu, Namnyaki, karani anayepima maziwa, alishika mdomo.

"Shikamoo, Mama Lilian. Nimekupigia kura."

"Marahaba. Kura ya nini?"

"Si ya Lilian kurudi!"

Watu wa foleni wakageuka. Kumbe toleo lile jipya lilikuwa limebadilisha mambo. Ombi la mtu mmoja sasa linaonekana kwa wote wanaojaribu, na anayelitaka naye anabonyeza. Tangazo lake lilikuwapo, kwenye aya ya juu kabisa. Mimi nilikuwa nimekimbilia ukurasa wa mwisho.

"Umempita kila mtu," Ephraimu, jirani yangu, alinionyesha simu yake. "Mimi niliomba bei ya pumba iwe inaonekana. Nina kura mbili. Moja yangu, nyingine ya mke wangu, na huyo nilimbembeleza."

"Futeni," nikasema.

"Haifutiki. Sasa chini yake pameandikwa 'Linaangaliwa'."

"Ephraimu, yule ni mwanangu, si bei ya pumba."

"Ndiyo maana ana kura nyingi, mama."

Wakacheka, nami nikacheka ili waache. Namnyaki hakucheka tena. Alipima maziwa yangu, akanirudishia kopo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Nilipanda na kopo tupu kupitia migombani. Mlima ulikuwa umefunikwa wingu mpaka kwenye msitu. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu. Watu kujua ni jambo jingine. Sasa nikipita, mtu anaacha jembe anasema, "Wamejibu?" Sio "amejibu". Wamejibu. Kama vile nimeomba barabara.

Kila nilipofungua nilikuta Linaangaliwa. Lilian hakupiga. Nilipopiga mimi, ilikatwa, ukaja ujumbe: Niko kikaoni Mama, nitapiga. Hakupiga. Sifael alipita tena, akasimama nje ya zizi, akatazama ng'ombe, akaondoka bila kuuliza. Hilo liliniuma kuliko kama angeuliza.

Halafu siku moja, nikiwa namenya ndizi, simu ikalia mlio ule wa Zizi. Neno lilikuwa limebadilika. Ombi langu lilikuwa na rangi ya kijivu, na chini yake limeandikwa: "Hapana. Desemba hii halitawezekana. Msisubiri. Lilian."

Hakukuwa na kutarajia. Hakukuwa na mipango.

Niliweka kisu chini. Simu ikaita kabla sijafuta utomvu mikononi.

"Umeona?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeona."

"Bosi aliniambia nijibu kama ninavyojibu maombi mengine. Nikaandika tunatarajia. Nikafuta. Nikawaona kichwani Ephraimu na Namnyaki wanavyolisoma, na wewe. Nikashindwa."

"Kwa nini huji?"

"Kibali changu cha kuishi huku kimekwisha, cha pili hakijatoka. Nikitoka sasa, huenda nisiruhusiwe kurudi. Kazi itaondoka."

"Umelijua lini?"

"Kabla ya Oktoba."

"Lilian!"

"Niliogopa utaumia, Mama."

"Nimeumia tangu Oktoba. Kila siku kidogo kidogo, na kitanda kimetandikwa. Ungenipa yote siku moja ningeumia, nikaamka, nikamwambia baba yako mdogo afanye mipango."

Alikuwa analia. Sikumbembeleza, sijui kubembeleza kwenye simu, na nilijua nikianza nitalia na mimi.

"Kazi yako usiiache," nilisema. "Baba yako aliuza ndama watatu wazuri ili uisomee. Nani atoe kitambaa?"

"Wewe."

"Si desturi."

"Najua. Toa wewe, Mama."

Sifael alikataa. Alisema mjane hatoi. Alisema tusubiri mwaka mwingine, mtoto atakuja.

"Amesema lini?" nilimuuliza.

"Hajasema."

"Basi hakuna wa kusubiriwa. Mpigie mchungaji."

Akatoa simu.

Watu walikuja, wa Nduruma nao. Namnyaki alifunga kituo mapema. Tulipika loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, na nyama. Mchungaji alipomaliza kuomba, Sifael aliita, kama inavyotakiwa, "Mtoto wa marehemu yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Ndipo nikasogea, mikono mitupu, nikashika pembe ya kitambaa na kuvuta. Upepo ulikishika kidogo, kikanasa kwenye mkono wa msalaba, nikakinasua taratibu. Jina la Nelson lilikuwa limechongwa vizuri. Herufi zote zilikuwa sawa.

Walipotawanyika niliosha masufuria. Nikakunja kitambaa. Nikaingia chumba cha Lilian nikatoa shuka za maua, nikazikunja pamoja nacho, nikaviweka kabatini. Godoro nikaliacha wazi lipate hewa.

Mlio ule ukalia. Kwenye ombi langu la kijivu kulikuwa na swali, lile ambalo programu humuuliza kila aliyejibiwa: Je, jibu hili limekusaidia?

Nilisimama mlangoni nalo. Nje ng'ombe walikuwa wanalia, saa ya kukamua imepita. Nikabonyeza Ndiyo, nikachukua ndoo.