Saa Tisa Angani

Asubuhi hiyo Fundi alimaliza kupinda sketi za shule, akafunika cherehani, akachukua ufagio aende kufagia chumba cha binti yake. Chumba kiko mwisho wa korido, ukishapita bafu. Alifika mlangoni jua likizama, akagusa kitasa, kikamuunguza, akarudi alikotoka.

Hakushangaa, alichoka tu. Tangu kitinda mimba wake aende ng'ambo kufanya kazi za ndani, korido ilikuwa ikirefuka, hasa siku anazopiga simu, akasema, "Niko salama, mama," simu ikakatwa. Kabla ya safari, wakala aliyempeleka alikaa kwenye kiti cha wateja, akapuliza chai yake, akasema, "Ni saa tisa tu angani. Analala, anaamka, kafika." Fundi kazi yake ni kupima vitambaa. Aliamini kitu kina urefu ule ule, uanzie huku au kule. Saa tisa kwenda, saa tisa kurudi. Hakuuliza zaidi.

"Korido yako imerefuka," jirani alisema akichungulia.

"Imerefuka."

"Basi beba maji ukienda. Mume wangu yuko mbali kuliko huko, na tunalala kitanda kimoja." Akacheka peke yake. Jirani naye ana binti, kamaliza shule, yuko nyumbani tu.

Safari ya pili Fundi alibeba maji na mkate. Chini ya mlango ulipita upepo wa moto wenye harufu ya pasi. Akabisha.

"Mama?" binti alisema kutoka ndani. "Bisha polepole. Mwenye nyumba amelala."

"Nifungulie, mwanangu."

"Ufunguo anao yeye. Na pasipoti."

"Si ulisema uko salama?"

"Anakuwa amenisimamia, mama. Ningesema nini?"

Fundi akafanya anachokijua. Alipitisha futi yake ya kupimia chini ya mlango. "Jipime kiuno, ubane kwa kidole." Futi ilirudi na alama ya kidole, bado mbichi. Kilikuwa kiuno cha mtoto wa darasa la nne.

Wakala aliitwa. Aliitazama korido kama mtu anayetazama bomba la wengine linavuja.

"Mama, sisi ni uwanja hadi uwanja," alisema. "Ndege iliondoka, ndege ikatua. Milango si kazi yetu."

"Na kurudi?"

"Saa tisa zile zile. Ila lazima atoke kwanza."

Akaaga kwa heshima, akaingia kwa jirani. Ukutani Fundi alisikia kijiko kikikoroga chai, kisha ile sauti: "Analala, anaamka, kafika."

Siku hizi Fundi hushona magauni membamba, huyakunja bapa yapite chini ya mlango. Huondoka asubuhi, hurudi kesho yake. Wateja wamezoea, huacha vitambaa kitini.

"Usimpeleke binti yako," Fundi alimwambia jirani.

"Wangu anakwenda kwa watu wengine kabisa, Fundi. Familia nzuri." Jirani alisimama kizingitini, hakai, haondoki. "Lakini hebu niazime futi. Nipime korido yangu kabla mtoto hajasafiri."

Fundi alimpa. "Pima," alisema. "Ila haitakwambia kitu. Wakiwa bado nyumbani, huwa fupi."