Boga la Nyuma ya Nyumba ya Maximilla

Mwaka ule wa themanini na saba, mvua ndefu zilipokuwa zinapungua, Dalmas Amolo alitoka asubuhi na fimbo mkononi kukagua mmea wake wa boga. Mmea ulianzia kwenye zizi la zamani lenye samadi, ukatambaa nyuma ya nyumba ya mama yake, ukapita nyuma ya nyumba ya Maximilla, mke mkubwa, ukaishia kwa Beldina, mke mdogo. Viboga vitatu vilikuwa vimeshika, kimoja nyuma ya kila nyumba. Kimoja tu kingeachwa kinenepe kwa ajili ya maonyesho ya kilimo ya Kisumu. Vingine vingekatwa.

Kila mtu upande ule wa Kombewa alijua kwamba boga kubwa halishibi samadi. Hunywa kwa mtu anayelala karibu nalo. Kwa hiyo pa kuliacha palikuwa jambo la kukaa chini na kuzungumza, nao wakakaa, vikombe vya chai mikononi.

"Hapa kwangu ni karibu mno na shina," alisema mama yake Dalmas. "Likinenepa litang'oa mizizi. Tena mimi lininywe nini? Mifupa?"

"Mimi nanyonyesha," alisema Beldina, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili ili waone.

Wote wakamtazama Maximilla. Yeye ndiye aliyepanda ile mbegu na kuibebea maji, lakini hakuwa amezaa.

"Kwangu kuna mawe," alisema.

"Mawe yataondolewa, Nyar Nyakach," alisema Dalmas kwa upole, akimwita kwa jina la kwao. "Usichukie. Hapa nyumbani kila mtu anatoa kitu."

Mawe aliyaondoa Maximilla mwenyewe.

Boga likaanza kunenepa. Kwanza viatu vilimpwaya. Kisha pete ikamtoka kidoleni akiosha vyombo, na baadaye akawa hafikii kamba ya kuanikia nguo. Alihamisha kitanda mpaka ukuta wa mbali; boga likadumaa. Dalmas akaja na jirani, wakakirudisha kitanda pale pale, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akampangia matofali ya kupandia. Mchungaji naye alipita kuombea nyumba. Aliweka mkono juu ya boga, akafumba macho, akaomba kwa muda mrefu.

Siku moja Maximilla alifunga nguo zake kwenye leso, akapanda basi hadi Katito kwa kaka yake, Tom. Utingo alimnyanyua kwa kwapa na kumwingiza. Kwa Tom alipewa uji, akaunywa akitazama ng'ombe wa mahari yake wakirudi malishoni, wamenona. Kwa mara ya kwanza tangu boga lishike, alihisi mikono inamjaa damu.

Dalmas alifika jioni.

"Limeanza kusinyaa," alimwambia Tom, macho yamemlegea kama mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani.

Kesho yake asubuhi Tom akamsindikiza dada yake barabarani. "Dada, boga ni la msimu mmoja," alisema. "Ndoa ni ya maisha. Na ng'ombe mmoja ana mimba." Mke wa Tom alimvalisha Maximilla sweta ya mwanawe, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Siku ya maonyesho, Gurdial Singh mwenye kiwanda cha mbao alitoa lori. Maximilla alipakiwa pia, maana boga lilikuwa likikaa mbali naye linalegea. Waamuzi waliligonga, wakasikiliza, wakatikisa vichwa kwa furaha. Mpiga picha alitaka mtoto akae juu yake ili watu waone ukubwa. Dalmas akamnyanyua mkewe, akampandisha.

"Cheka, toto," alisema mpiga picha.

"Mimi ni mke wa mtu."

"Sawa, Mama. Cheka basi."

Boga lilishinda, Dalmas akapewa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Waliporudi nyumbani, boga lilipasuliwa kwa shoka na kupikwa kwenye masufuria ya kuazima. Harufu yake ilikuwa tamu. Maximilla aliokota kipande kilichoanguka, akakila, na papo hapo mkono uliokishika ukarefuka kidogo ndani ya sweta. Beldina aliona, na mama mkwe pia.

"Naomba langu," alisema Maximilla. "Lote nililotoa."

"Wageni kwanza," alijibu mama mkwe. "Ama unataka tuaibike?"

Wageni wakala. Mchungaji alikula mpaka kola ikambana. Tom, aliyefika kutoka Katito kumpongeza shemeji, alirudia mara tatu. Vifungo vya shati vikamruka, akacheka. Mtoto wa Beldina alilambishwa kidogo, akaota meno. Maximilla alisimama mlangoni na bakuli lake, akitazama vijiko vinavyopanda na kushuka.

Masufuria yalipomfikia yalikuwa na ukoko tu. Akaingiza kichwa ndani, akakwangua kwa kucha, akalamba mpaka bati likang'aa. Alipoinuka alikuwa ameongezeka, akafika usawa wa meza ya jikoni.

Mama mkwe alimpima kwa macho, akaridhika.

"Afadhali," alisema. "Sasa anafikia karai."

Beldina akamletea maji na majivu ya kusugulia, kwa sababu vyombo vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa vya watu.