Tikiti la Mfungo Tisa

Mbwana aliuinua mdomo wa mpira wa maji, akaukung'uta, akaupuliza kama mtu apulizaye moto wa kuni mbichi. Kilichotoka ni vumbi na konokono mmoja mkavu. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, jua la kaskazi limeshapanda, na koo lake lilikuwa kavu kuliko huo mpira.

"Wamefunga bomba," akasema peke yake. "Wamefunga, na hata salamu hawakuniletea."

Mbele yake mashina mia tatu ya matikiti yalikuwa yametambaa juu ya mchanga, majani yamejikunja kwa kiu. Matunda yalikuwa na ukubwa wa bakuli la uji. Alfajiri alilipasua moja kulitazama, akalikuta jeupe ndani kama nazi. Yalitaka siku kumi na nane nyingine, na maji siku baada ya siku.

Mkewe Mwanasha alikuwa ametimiza miaka miwili chini ya mchanga. Mwanawe wa pekee, Swabir, alikuwa bawabu wa hoteli Diani, na kila Ijumaa alipiga simu na neno lile lile: "Baba, njoo tukae Ukunda. Shamba tulikodishe." Mwezi uliopita walikubaliana. Matikiti yakifika sokoni, Mbwana abaki Kidzumbani. Yasipofika, afunge virago. Kukaa Ukunda kwenye chumba cha kupanga, asikilize pikipiki za watu usiku na mchana! Mbwana aliitupa chini ile ncha ya mpira, akalitwaa jembe lake kwa sababu tu hakupenda kutembea mikono mitupu, akaanza kupanda kwenda silanga.

Silanga ndilo shimo kubwa la kukingia maji ya vuli, na bomba lake lilishuka mpaka mashambani. Lilichimbwa na watu wa mradi miaka sita nyuma. Siku ya kulifungua palikuwa na hema, viti vya vitambaa vyeupe na biriani, na mheshimiwa aliahidi kwamba tingatinga litarudi kila baada ya mwaka mmoja kuzoa tope. Wanakijiji walipiga makofi. Tingatinga lile mpaka leo liko njiani linarudi. Tope limekula nusu ya shimo, na mheshimiwa amekula nusu ya pili, ndivyo Mbwana alivyopenda kusema, na hakuna aliyewahi kumkatalia.

Njiani alikutana na Tsuma, mzee mwenzake mfuga mbuzi, anashuka na kundi lake lililokwisha kunywa.

"Mzee Mbwana! Jembe begani, uso umeukunja. Unakwenda kulima au kufukia mtu?"

"Mbuzi wako wamekunywa?"

"Wamekunywa, wamekojoa, wamemshukuru Mungu."

"Na matikiti yangu yanakufa. Nchi hii mbuzi ana mwakilishi, mimi sina."

"Mbuzi hana bomba, mzee," Tsuma alisema akicheka. "Yeye hupeleka mdomo mwenyewe."

Mbwana alimpita. Saumu ilimkataza tusi lililokuwa limeshafika kwenye ulimi.

Penye silanga alimkuta Khamisa, mdogo wake marehemu Mwanasha, ambaye kijiji kilimchagua kuwa mwenyekiti wa maji. Alikuwa amekaa juu ya dumu, leso kichwani, anaangalia wanawake wawili wakipakia punda. Koki ya bomba la mashamba ilikuwa ndani ya kisanduku cha chuma, kimetiwa kufuli.

"Shikamoo, shemeji," Khamisa alisema akiinuka.

"Marahaba. Nifungulie."

"Shemeji, maji yamefika kwenye rangi."

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Katikati ya silanga palisimama nguzo, na chini yake palipigwa mstari mwekundu. Maji yakishuka hadi hapo mashamba hufungwa, na yanayobaki ni ya watu na mifugo mpaka mvua za masika. Leo mstari mzima ulikuwa nje, na maji yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Wenzangu wote mmewamwagilia mpaka wakavuna. Jana nimeliona lori la Mombasa likibeba matikiti ya Jaafar. Zamu yangu ikifika, kufuli! Nani amewaambia mimi si mtu?"

"Jaafar alipanda mwezi mwandamo wa mfungo tisa, kama tulivyokubaliana mkutanoni. Wewe ulipanda lini?"

"Siku ile ile aliyopanda dadako. Siku ya Jamhuri. Tulikuwa tunafukia mbegu, redio inatangaza hotuba za wakubwa. Nakumbuka kama jana. Mwanasha akaniambia nizime, hotuba hazioteshi kitu."

Mmoja wa wale wanawake aliacha kufunga kamba ya punda.

"Shemeji," Khamisa alisema polepole, "mwaka ule mwezi wa mfungo tisa ulikaribiana na Jamhuri. Dada hakuwa anahesabu Jamhuri. Alikuwa anahesabu mfungo tisa, Rajabu, Shaabani, miezi mitatu, tikiti linaiva Ramadhani ikiingia. Mwezi wa Mungu kila mwaka hurudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Hii ni miaka miwili. Hesabu mwenyewe."

Mbwana alihesabu. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini hesabu hii haikutaka darasa. Siku ishirini na kitu. Mtu aliyefunga Ramadhani tangu udogoni, akaiona ikisogea kutoka masika hadi kaskazi, akapanda matunda ya Ramadhani kwa kalenda ya serikali! Alihisi joto likimpanda masikioni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuja mara mbili. Mara ya kwanza ulisema vikao ni vya wezi. Mara ya pili ulikuwa ndani na hukuitika."

"Lingezolewa tope, maji yangetosha hata kwa mjinga."

"Yangetosha," Khamisa alikubali. "Hapo husemi uongo. Lakini tope halikuzolewa." Alitoa ufunguo kwenye pindo la leso, akauweka juu ya kile kisanduku. "Yaliyopo ni ya siku arobaini tukiyanywa kwa adabu. Ukiyashusha shambani siku zako kumi na nane, yatabaki ya siku kumi. Fungua mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa adui wa watu."

Akarudi kukaa juu ya dumu.

Mbwana aliutazama ule ufunguo. Ulikuwa mdogo, wa kufuli la duka la Lunga Lunga. Akili ilimwambia afungue, kwani nani mkubwa hapa aliyewahi kumhurumia mwenzake? Mkono haukwenda. Hakujiona mwema. Alijiona amechoka tu, mzee aliyekosa hata ule wepesi wa kudhulumu ambao wengine hupewa pamoja na cheo.

"Nyumba moja inapewa madumu mangapi kwa siku?" akauliza.

"Manne."

"Hata ya mtu mmoja?"

"Nyumba ni nyumba. Na wewe hujachukua lako hata moja tangu yaanze kugawiwa. Umekuwa ukichota ya bomba."

"Basi naanza leo."

Khamisa aliuchukua ufunguo, akaufunga tena kwenye leso. "Nitamwambia Jaafar akukopeshe punda."

"Simtaki punda wa Jaafar," alisema Mbwana. Kisha akafikiri uzito wa madumu manne na umbali wa shamba. "Mwambie amlete kabla ya adhuhuri."

Adhuhuri ilipita, akawa shambani na madumu yake. Dumu moja aliliweka kando la kufuturia, kupikia na kutawadhia. Matatu yalikuwa ya matikiti: kopo la lita mbili kwa shina, mashina thelathini. Hayo mengine mia mbili na sabini yalikuwa yamehukumiwa, na hakimu alikuwa yeye.

Alipita mstari kwa mstari, kila shina zuri akalichomekea kijiti, na kila lisilo na kijiti akaling'oa. Mwanzoni aling'oa kwa hasira, akiwataja kwa vyeo wote waliokula biriani siku ile. Kufika mstari wa nne vyeo vilikuwa vimekwisha, akawa anang'oa kimya. Tsuma, aliyepita chini ya shamba, aliona lundo akasimama.

"Mzee, hayo unayatupa?"

"Walete mbuzi wako."

Tsuma hakutania. Aliwaleta, akasimama kando akiwazuia kwa fimbo wasiguse vijiti, huku wakivunja yale matunda meupe kwa meno.

Simu ililia mfukoni. Swabir. Mbwana aliitazama mpaka ikakoma. Angempigia baada ya futari, amwambie ni mashina thelathini, na kwamba mtu hafungi virago na mashina thelathini yako hai. Swabir angebisha. Abishe.

Wakati wa alasiri ulipofika alichota kopo moja kutoka dumu lile la kando, akasimama kwenye shina la mwisho la mstari, miguu huku na huku ya kijiti, akatawadha polepole, kiungo baada ya kiungo, akiangalia kila tone linaangukia wapi.