Jina Chini ya Ukuta

Ndululu, fundi wa kuchora mabango pale Migwani, alikuwa na kaugonjwa kamoja: kabla hajachora chochote, aliandika kwanza jina lake na namba ya simu chini ya ukuta. Hata picha ikiharibika, tangazo lingebaki.

Basi kikundi cha watu wenye ulemavu kilipopewa ukuta wa soko, ili kila mmoja achorewe jambo lililompata, Ndululu alifika mapema akaandika jina na namba kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za choo cha umma. Ndipo akauliza wanataka nini.

Kisilu, ambaye haoni, alitaka hoteli, na mhudumu akimuuliza mke wake kama Kisilu hunywa chai na sukari. Ndululu alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Ikafika zamu ya Sauda, yaani Mama Fahima, muuza maharagwe ambaye mguu wake mmoja ulipooza angali mtoto. Alitaka mtu anayetembea akiburuta mguu, bega moja chini, na watu wa soko wamejishika mbavu. Ndululu akachora haraka haraka. Mwendo huo aliujua. Kila siku ya soko aliuigiza nyuma ya Sauda, na watu walimpenda kwa hilo.

"Buibui nipake nyeusi ama bluu, Mama Fahima?"

"Hana buibui. Mvalishe kofia."

"Kofia gani?"

"Kama yako. Na pengo lako la jino usilisahau."

Brashi ikasimama. Sauda hakuinua sauti. Alisema binti yake Fahima aliuona ule mchezo, na tangu siku hiyo humtangulia mama yake sokoni, hatua ishirini mbele, kama hawajuani.

Ndululu akatazama chini. Jina lake lilikuwa papo hapo, chini ya yule mtu, kama limeandikwa kumtambulisha.

"Futa ukitaka," Sauda akasema. "Bado halijakauka."

Ndululu alilowesha kitambaa kwa thina ya kufutia rangi. Masikio yalimwaka. Mwishowe alipangusa mikono tu, akachora kofia, kisha pengo.

Siku ya soko alijificha nyuma ya posho mili, kinu cha kusaga unga. Simu ikalia. Alikuwa Mutunga, rafiki yake, na kicheko cha watu kilisikika nyuma yake.

"Ndululu, huyu wa ukutani ni wewe ama ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

Mutunga alingoja mzaha ufuate. Haukufuata.