Tundu la Risasi ya Kumi

Walimwita Waya tangu akiwa chuo cha ufundi, jina likamganda kama kupe, ingawa kazi yake yenyewe ilikuwa kuondoa waya. Asubuhi ya mashindano ya kulenga shabaha alikuwa amepiga magoti nyuma ya shabaha namba nne, akikaza parafujo ya mwisho, moyo ukimdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Mjomba wake alikuwa ameinua shabaha za uwanja ule kwa miaka ishirini na miwili. Alikaa handakini, risasi zikimpita juu ya kichwa, kisha akashusha ubao kwa kamba, akatazama tundu na kuonyesha alama kwa fimbo. Sikio lake la kushoto lilikwisha kufa kwa ile milio. Ndipo mpwa wake akatengeneza shabaha inayojisemea: vinasa sauti vinne, kimoja kila pembe, husikia risasi ikipita na kurusha habari hewani hadi kwenye kishikwambi, mita mia tatu nyuma, kwa walengaji. Kitufe kimoja tu, ubao unapanda au kushuka wenyewe.

"Kidude chako hakina macho, mwanangu," Mjomba alimwambia.

"Kina masikio manne, Mjomba. Wewe umebaki na moja."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Mwamuzi hakucheka. Siku ya majaribio kokoto lilidondoka kutoka kwenye tuta, likagonga ubao, na mashine ikalihesabu kuwa risasi. Waya alikwisha kurekebisha kasoro hiyo, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Namba nne tu," mwamuzi alisema. "Mzee abaki handakini, na pakitokea ubishi, karatasi ya ubaoni ndiyo itakayoamua."

Namba nne ikamwangukia Mwalimu, mama mpole anayefundisha hesabu shule ya msingi. Nafasi moja ilikuwa imebaki katika timu ya taifa, na dereva mmoja wa lori alikwisha kupata alama tisini na sita.

Mwalimu alilala kifudifudi, akavuta pumzi, akafyatua. Kwenye kioo cha kishikwambi kikaibuka kidoa: kumi. Kingine: tisa. Kumi. Kumi tena. Waya alijikuta anauma kola ya shati lake. Kufikia risasi ya tisa Mwalimu alikuwa na themanini na nane.

Risasi ya kumi ikalia. Kioo kikaandika kumi, ila kidoa kipya kilikaa juu ya kidoa cha saba, karibu kukifunika chote.

"Imeingia mle mle!" Waya alipiga kelele, akaruka nusura aangushe meza. "Tundu lile lile!"

Kwenye redio sauti ya Mjomba ikakwaruza kutoka handakini: "Namba nne, naona matundu tisa."

Mwamuzi akamtazama Waya kama anayemtazama mtoto aliyevunja sahani. "Tisa. Moja imekwenda na upepo. Au ni kokoto jingine?"

"Mwamuzi, ni risasi mbili, tundu moja!"

Mwamuzi akafikiri, akamsukumia kipande cha karatasi. "Andika mashine inasema ya pili iko upande gani wa ya kwanza. Usimwambie mjomba wako."

Waya akaandika: *kulia*.

Mwamuzi akashika redio. "Mzee, pima matundu yote. Kuna lililo pana?"

Mjomba alikuwa na kijiti cha chuma chenye unene wa risasi. Hakuharakisha. Mwalimu alikwisha kuinuka, magoti yana vumbi, viganja kavibana kwapani.

"Lipo moja," Mjomba alisema hatimaye. "Kijiti kinacheza ndani. Pana upande wa kushoto."

Waya akakitazama kikaratasi chake: *kulia*. Mwamuzi alikwisha kufungua kalamu aandike risasi tisa tu. Mara wazo likamchoma Waya kama cheche, akaidaka redio.

"Mjomba! Karatasi umeitazama mbele au nyuma?"

"Mwanangu, mimi nakaa nyuma ya ubao. Nimeishusha ilivyo, nikaielekeza juani."

"Igeuze!"

Kisha Mjomba akasahau kabisa kwamba redio haihitaji kupigiwa mayowe: "Kulia! Toba, ni kulia! Tundu hili limepitiwa na risasi mbili!"

Bendera nyekundu ikapanda, bunduki zikafunguliwa na kuwekwa chini, na mwamuzi akaenda kwa miguu mita zote mia tatu, Waya akikimbia pembeni yake. Akatia kijiti mwenyewe, mara tatu. Akakohoa.

"Kumi," alisema. "Jumla tisini na nane."

Mjomba akaiwahi redio yake, akatangaza yeye kabla mwamuzi hajafungua kinywa. Kule nyuma wakamwona Mwalimu, mpole yule yule, anaruka juu juu kama aliyekanyaga kaa la moto, na dereva wa lori akimpigia makofi kwa nguvu zaidi ya wote.

"Shabaha zilizobaki ni kumi na moja," mwamuzi alimwambia Waya. "Utahitaji muda gani?"

"Miezi miwili. Na msaidizi anayezijua karatasi."

"Msaidizi huyo," Mjomba alidakia, akijipangusa jasho na kucheka, "naomba aanze na kile kitufe cha kupandisha ubao. Nipe nikibonyeze, mwanangu, nione!"