Filamu ya Refa

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tena, na wala hawakujificha sana. Hata mlinzi wa getini alilijua jina hilo. Lilitokana na kazi: mtu akishaigiza kipande chake, akalia machozi ya kweli mpaka pua ikamjaa, mwalimu huyu alikuwa akitoa jicho kwenye kamera, anajikuna kidevu, kisha anasema polepole kama mtu anayeagiza chai, "Vizuri sana. Tena." Rekodi ya chuo ilikuwa teki, yaani marudio, thelathini na nne za mtu kufungua mlango. Bawaba za mlango zililegea, ikabidi aitwe fundi.

Jumatatu hadi Alhamisi alifundisha utengenezaji wa filamu katika chuo kidogo kilichokaa juu ya duka la matairi. Mapazia meusi ya darasa yalishonwa na mama yake mzazi. Ijumaa hadi Jumapili alikuwa mtengeneza filamu wa kujitegemea, maana yake ni kwamba alikuwa mwongozaji, mpiga picha, mnasa sauti, dereva, na mtu wa kulaumiwa. Alishamaliza filamu mbili. Ya kwanza ilihusu mnara wa saa ulioharibika. Ya pili ilihusu wanaume watatu walioshindwa kuutengeneza. Zilisifiwa, hasa na shangazi zake.

Ya tatu ndiyo iliyomkwama kooni, mwaka wa sita sasa. Ilimhusu marehemu baba yake, aliyekuwa refa wa mpira. Siku moja kwenye fainali, zikiwa zimebaki dakika mbili, baba huyo aliwapa wageni penalti, timu ya nyumbani ikafungwa, na mji mzima ukamnunia mpaka alipoingia kaburini. Mwalimu Tena alikuwa na kila kitu: filimbi yenyewe, picha za magazeti, mshika kibendera, hata kipa aliyefungwa, ambaye sasa ni mzee wa magongo na bado ana hasira. Alikosa kitu kimoja tu, na filamu bila hicho ilikuwa kama gari lisilo na injini. Alimkosa mama yake.

Mama alikuwepo uwanjani siku ile, jukwaani, na mtoto mapajani. Mtoto mwenyewe ndiye huyu huyu Mwalimu Tena, wakati huo ana miezi kumi. Alikuwa amemhoji mama mara tano. Mara zote tano mama alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, akasema, "Baba yako alikuwa refa mzuri. Watu walikasirika. Tukarudi nyumbani." Basi, mahojiano yamekwisha, nani anataka chai.

"Mama yangu mbele ya kamera ni gogo," alizoea kuwaambia wanafunzi akitaka mfano wa mhojiwa mgumu. "Tena gogo lenyewe la mninga."

Muhula huo kazi ya mtihani ilikuwa filamu ya dakika kumi juu ya mtu mmoja aliyepita miaka sitini, akiwa kazini kwake. Darasani kulikuwa na msichana waliyemwita Kimya, kwa sababu tangu muhula uanze alikuwa amefungua mdomo mara mbili, na zote aliomba dirisha lifunguliwe. Fundi viatu aliyemtegemea kwa filamu yake alikuwa amehamia mbali kwa binti yake, na siku zilikuwa zimekwenda.

"Nenda kwa mama yangu," mwalimu akamwambia. "Ana miaka sabini na moja na bado anashona sare za shule. Cherehani yake inapendeza kwenye picha. Maneno usiyategemee."

Ulikuwa ukarimu, asinyimwe haki yake. Ila ndani ya ukarimu huo mlikuwa na raha ndogo, tamu. Kama gogo limemshinda yeye, mtu wa filamu mbili, huyu aliyejifunza juzi kushika maiki ataanza kulipasulia upande gani?

Wiki tatu baadaye, Jumanne baada ya chakula cha mchana, mapazia yakavutwa na filamu za wanafunzi zikaanza kuonyeshwa. Ya Kimya ilikuwa ya nne. Kamera imewekwa chini, usawa wa meza. Mama anakunja pindo la sketi ya shule, mguu kwenye pedali. Hakuna swali. Hakuna muziki. Dakika nzima ni cherehani tu. Mwalimu akaandika daftarini, "Ndefu," akapiga mstari chini yake.

Kisha mama, bila kuinua macho, akasema:

"Mume wangu alikuwa refa, unajua. Siku ile ya penalti nilikuwa jukwaani. Walimtukana, sikwambii. Mwizi, kipofu, kahongwa. Na mimi nimekaa katikati yao. Mama mmoja pembeni yangu akaniona nimenyamaza, akaniuliza, 'Wewe mbona hutukani, au ni jamaa yako?'"

Cherehani ikasimama.

"Nikatukana. Nilisimama kabisa, mwanangu, nikamwita mbwa. Mume wangu huyo. Mtoto nikamfunika uso kwa shali, maana pua ni ya baba yake ile ile, nikaogopa wataijua."

Kwenye picha hakuna aliyesema neno. Ukimya ukakaa, ukakaa, mpaka mtu angetamani kikohozi. Mama akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa pindo la sketi ya mtoto wa watu.

"Jioni akarudi kapasuliwa hapa, juu ya jicho. Nikamsafisha. Akaniambia, 'Afadhali ninyi mlikaa mbali na wale wenye makelele.' Nikamjibu, ndiyo, afadhali. Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja baada ya hapo. Sikumwambia."

Akakanyaga pedali, kazi ikaendelea.

Taa zilipowashwa, hakuna aliyetazama mwenzake. Aliyeanza kusema ni kijana waliyemwita Redio, ambaye hajawahi kuzimwa na mtu.

"Mwalimu, gogo limeota majani."

Darasa likacheka kwa pumzi walizokuwa wamezibana. Mwalimu Tena naye akacheka, kwa meno ya mbele tu. Ndani yake mambo mengine yalikuwa yanapikwa. Hadithi ya mama ilimgusa, ndiyo, ila kilichomchoma zaidi ni neno moja. Mwanangu. Mama alimwita yule binti mwanangu, na kwa sauti ambayo yeye mwenyewe, mwana halisi mwenye cheti cha kuzaliwa, hakumbuki kuisikia tangu alipong'oka meno ya utoto.

"Tuanze na kasoro," akasema. "Kiti kimekatwa na ukingo wa picha upande wa kushoto. Cherehani inafunika sauti. Na wewe mhoji uko wapi? Hujauliza hata swali moja."

Kimya akafikiri. "Sikuwa na swali, mwalimu."

"Mhoji asiye na swali ni mgeni."

"Ndiyo, mwalimu."

Hiyo "ndiyo" ilimkera kuliko ubishi. Ukibishiwa, unapata pa kushika.

Saa kumi alikuwa kwa mama yake. Chumba ni kile kile: rafu ya vitambaa vya kijani na bluu, mkebe wa vifungo, sketi kumi na moja zikining'inia kama wanafunzi waliochelewa. Mama alimtazama mara moja tu, akajua.

"Umeshaiona."

"Miaka sita, mama. Miaka sita nakuja hapa na kamera."

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Sijaja kula. Kwa nini umwambie yeye na mimi uninyime?"

"Sikukunyima. Nilianza kukwambia, ukasema kuna pikipiki."

"Pikipiki gani?"

"Mimi nitajua pikipiki gani? Ilipita nje. Ukasema, mama, samahani, tena. Nikaanza tena, ukasema nimeangalia dirishani. Mara ya tatu nikaona aah." Alikata uzi kwa meno. "Kitu kama kile kinatoka mara moja, baba. Si mlango wa choo."

"Ungenivumilia. Ni kazi."

"Yule mtoto alikuja siku nne. Siku ya kwanza hakuwasha hata mashine yake, alinitungia uzi kwenye sindano. Macho yangu siku hizi hayalioni tundu."

"Mimi ningekutungia."

"Hukuniuliza." Alisema bila ukali, na ndiyo maana neno likamwingia. Akaweka sketi mapajani. "Halafu na wewe nikwambieje? Wewe ndiye niliyekufunika uso. Mtu wa pembeni unaweza kumwambia. Yeye si mtoto wa refa."

Pikipiki unaweza kuisubiri ipite. Kuacha kuwa mtoto wa baba yako, hilo halina teki ya pili. Mwalimu Tena akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo mama aliliweka moyoni mpaka wiki iliyofuata.

Ijumaa asubuhi alijifungia kwenye chumba cha kuhariri chuoni, akafukua mahojiano yake ya zamani mpaka akakipata kipande cha miaka minne nyuma. Mama kwenye kiti, mikono magotini. "Siku ile," mama anasema, na sauti inashuka, "siku ile na mimi pia nili..." Hapo ikasikika sauti ya mwanaume, nzuri, yenye adabu, sauti ya mtu aliyesoma: "Mama, samahani, kuna pikipiki. Tena." Teki ya pili: "Siku ile watu walikuwa wengi..." "Mama, usitazame dirishani. Tena." Teki ya tatu: "Baba yako alikuwa refa mzuri." Na sauti ile ile, imeridhika kabisa: "Safi. Hiyo hiyo."

Alikitazama mara saba. Mara ya kwanza aliilaumu pikipiki.

Sasa, chuo kilikuwa na sheria: picha yoyote iliyopigwa kwa kamera ya chuo ni mali ya chuo, na kabati la kuhifadhia picha hizo lilikuwa na ufunguo mmoja, uliokuwa mfukoni mwa Mwalimu Tena. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe. Kufikia saa nne kipande cha Kimya kilikuwa kimeshaingizwa katikati ya filamu ya Refa, baada ya kipa mwenye hasira na kabla ya makaburini. Kikakaa kama kilichopimwa na fundi nguo. Miaka sita ya kazi ikapata injini kwa asubuhi moja. Alitakiwa afurahi. Alikuwa amebaki na neno moja tu la kuondoa, "mwanangu," na alikuwa akilivizia pande zote mbili, akikata hapa, akiunga pale, na kila alipolitoa, mdomo wa mama uliendelea kulitamka bila sauti.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kimya, amekuja kuchukua maiki aliyoiazima. Akasimama, akatazama kioo cha kompyuta. Mama yupo pale, amegandishwa, mdomo umefikia "mwa."

"Hiyo ni ya kwangu, mwalimu."

"Ni ya chuo. Soma sheria ukutani."

Kimya akaisoma, mstari kwa mstari, bila haraka. Akarudi. "Sawa, chukua."

"Hivyo tu?"

"Ni mama yako." Akasogea karibu na kioo. "Ila hapa anamtazama mtu. Watazamaji watauliza, anamtazama nani?"

Mwalimu akafungua mdomo aseme ananitazama mimi. Akalitazama lile jicho la mama kwenye kioo, lilivyotua kwa utulivu upande wa kulia wa kamera, kwa mtu aliyemtungia uzi. Hata shangazi zake wasingedanganyika.

Sijui ni nini kilimsukuma, pengine ni ile hali ya mtu anayejigusa jino bovu kwa ulimi. Akamwambia Kimya avute kiti, akamwonyesha teki zake tatu. Mpaka "Safi. Hiyo hiyo," Kimya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mabega yanamcheza.

"Cheka tu," mwalimu akasema. "Usije ukapasuka ukaniletea kesi."

Akacheka. Alipomaliza, akauliza kwa adabu kama anaomba dirisha, "Naweza kuzitumia? Mwanzoni, kabla ya cherehani?"

Hapo wivu wa aina mbili ulimsemesha kwa mara moja. Wa kwanza ulisema: mnyime, huyu ameshakula nyama, sasa anataka na mfupa. Wa pili ulikuwa na akili zaidi. Ulisema kwamba mama ameshasema aliyoyasema, ameyasema kwa huyu, na filamu itakayobaki ni hii ya dakika kumi. Ukibaki nje, umebaki nje. Afadhali uingie hata kama mjinga.

"Sauti yangu isipunguzwe," akasema.

"Sitaipunguza."

"Na jina langu liandikwe. Mtoto wa refa, siyo mwalimu."

"Ndiyo, mwalimu."

Akakitoa kipande cha mama katikati ya filamu yake kwa mkono wake mwenyewe. Kipa na makaburi vikagongana. Kimya, ambaye macho yalikuwa kazini muda wote, alikuwa ameshaliona daftari la alama lililofunuliwa mezani, na mbele ya jina lake sabini na tisa. Chuoni hapo themanini ndiyo iliyoitwa bora sana. Sabini na tisa iliitwa vizuri.

"Mwalimu, hii moja imeenda wapi? Ni kiti kilichokatwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Kiti kilikuwa kimekatwa kweli, upande wa kushoto, kila mtu alikiona.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya wivu."

Kimya akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa ni ya kiti. Akauzungusha waya wa maiki mkononi, mizunguko safi kama walivyofundishwa, akaenda mpaka mlangoni.

"Alama ya wivu mtu anakata rufaa wapi?"

"Kwa mkuu wa idara."

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi nitaenda kwa bibi wa cherehani."

Mwalimu Tena akaitafuta kalamu, akaandika themanini juu ya sabini na tisa, akibonyeza mpaka karatasi ya chini ikapata alama, akamwambia atoke haraka kabla hajabadili nia.